Mtungi Uliotoka Kisimani

Kufunga kisima ilikuwa kazi ya Editha. Kila jioni, muadhini wa msikiti wa jirani akianza tu kukohoa kwenye kipaza sauti, Editha alitoka uani na ufunguo wake wenye utepe mwekundu, akashusha mfuniko wa chuma, akatia kufuli, akalivuta mara mbili. Mfuniko ule ulichomelewa na mumewe, Gozbert, fundi mageti aliyekuja Dar kutoka Bukoba na begi moja na maneno mengi. Ulikuwa mzito, na bawaba zake zililia kila zikiguswa.

Ngiiiii...

Gozbert aliahidi kuzitia grisi tangu kisima kinajengwa. Lakini kinyozi hajinyoi, na anayetengeneza mageti ya watu huacha la kwake lilie.

Jioni hiyo Editha alifunga haraka kwa sababu kulikuwa na mgeni. Herieth, bibi afya wa mtaa wao kule Toangoma, alikuwa amekaa baraza ya nyuma akipekua mkoba wake. Aliitwa kwa ajili ya Lusungu.

Lusungu ndiye mtoto pekee wa Editha, wa miaka minne, mwenye jina la bibi yake wa Tukuyu. Kabla yake mimba mbili zilitoka, na watu wa upande wa mume walishaanza kunong'ona. Sasa wiki ya tatu tumbo lilikuwa linamwendesha. Dawa za zahanati zililifunga, likatulia, kisha likafunguka upya. Mashavu yalikwisha, macho yakaingia ndani, na gauni la Krismasi lilimning'inia kama la kuazima. Editha hakuwa akiumwa, lakini alikonda pamoja na mwanawe. Aliogopa atamzika. Hakumwambia mtu, ila ndilo alilolala nalo na kuamka nalo.

"Kisima chenu kizuri," Herieth alisema. "Kina ukingo, kina mfuniko, choo kiko mbali. Kuna watu huku wanachimba kisima na choo utadhani mapacha. Ila mwanangu, maji hayajulikani kwa macho. Tupime."

Akatoa vichupa viwili vyenye kikaratasi kikavu ndani. Cha kwanza alikijaza maji yaliyotoka kuchotwa kisimani. Editha, kwa kuwa mgeni ni mgeni, alikuwa amemletea maji ya kunywa kwenye glasi juu ya kisahani. Herieth aliyatazama, akatabasamu, akayamimina kwenye kichupa cha pili.

"Jamani mama! Hayo nimekuletea unywe."

"Ndiyo maana nayapima. Mtoto hanywi kisima, anakunywa haya." Akavifunga vizuri. "Weka kabatini, karibu na jiko, penye joto na giza. Nitapita keshokutwa. Kitakachogeuka cheusi, maji yake yana uchafu wa chooni."

Editha nusura acheke. Maji ya glasi aliyachemsha mwenyewe mpaka yakatokota, akayapoza, akayatia mtungini. Kama kuna maji masafi Temeke nzima, ni yale.

Na mtungi wenyewe hawakuununua. Mbwana, fundi wa visima, alikutana nao alipokuwa amechimba kimo cha kifua. Ulikuwa mzima, umelala kifudifudi, na udongo ulioufunika ulikuwa mweupe. Mbwana alitoka shimoni bila kuambiwa, akasema warudishe kitu cha watu na kisima wakisogeze. Gozbert alicheka mpaka akakaa chini. Wazaramo bwana, alisema, hata chungu wanakiogopa. Mbwana akamaliza kazi kwa kuwa njaa haina adabu, lakini toka siku hiyo alikuja na maji yake ya kunywa kwenye chupa.

Mtungi ulikaa nyuma ya nyumba ukila vumbi. Kisha friji ikaungua, umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, na ilikuwa miezi ya joto. Gozbert akausugua, akauweka koridoni juu ya mchanga. "Mungu katupa friji isiyotaka luku," alisema. Maji yake yalikuwa baridi, matamu, yenye harufu ya udongo uliolowa. Lusungu aliyapenda kupita soda.

Keshokutwa yake, alasiri, Editha na Herieth walifungua kabati pamoja.

Kichupa cha kisima kilikuwa vilevile kilivyoachwa.

Cha mtungi kilikuwa cheusi tii.

"Haiwezekani," Editha alisema. "Mie nachemshaga mwenyewe!"

"Nakuamini. Kisima hakina kosa, na kuchemsha umechemsha. Uchafu umeingia baadaye. Kuna mkono unaingia kwenye mtungi."

"Unaniambia mie mchafu?"

"Sijasema wewe mchafu, mwanangu. Nimesema kuna mkono." Herieth alifunga mkoba. "Mtungi una vitundu, ukishaingia uchafu hautoki. Achana nao. Nunua ndoo yenye koki, mtu afungulie bila kuchovya."

Editha alimsindikiza akiwa amenuna. Mwanamke wa Kinyakyusa umwambie nyumba yake ina uchafu! Badala ya kwenda kununua ndoo, alishika steki ya kusugulia masufuria na maji ya moto, akausugua mtungi ule mpaka vidole vikavimba. Akachemsha maji mapya, akayapoza, akayajaza. Akafunika kwa sahani, na juu ya sahani akafunga kitambaa, mafundo mawili. Kama kuna mkono, atauona. Ile ndoo ingenunuliwa mchana uleule, pengine nisingekuwa na hadithi ya kuwapa, lakini kiburi nacho kina wakati wake wa kula.

Magharibi ikaingia. Umeme ukakatika. Gozbert alikuwa hajarudi kutoka karakana. Editha alifunga kisima, akavuta kufuli mara mbili, akavaa ufunguo shingoni, akaenda kukaa kitandani na mwanawe. Lusungu alikuwa na joto. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka inapasuka.

Adhana ilikwisha. Mtaa ukatulia kama unavyotulia saa ile, watu wakiwa kwenye swala au kwenye masufuria.

Ngiiiii...

Editha alishika shingo yake. Ufunguo ulikuwepo.

Upepo, alijiambia. Lakini mfuniko ule upepo hauuwezi. Gozbert mwenyewe aliubeba na mtu wa pili.

Kimya...

Kisha ikaja harufu. Haikuwa ya kitu kilichooza, afadhali ingekuwa hiyo. Ilikuwa harufu ya chokaa. Chokaa mbichi na udongo, kama kaburi lililofunikwa sasa hivi.

Na koridoni, taratibu, sauti ya kitu kigumu kikikwaruza udongo wa mtungi.

Kwaaa... kwaaa...

Kisha maji yakimiminika. Kisha mtu akimeza.

"Mama," Lusungu alinong'ona. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa na hofu yoyote, na hilo ndilo lililomtisha mama yake zaidi. "Bibi anachota."

"Bibi gani?"

"Bibi wa kiu."

Editha aliwasha tochi ya simu. Akatoka, maana mtoto alikuwa nyuma yake na hakukuwa na mwingine wa kwenda. Koridoni hapakuwa na mtu. Sahani ilikuwa sakafuni, na pembeni yake kitambaa. Hakikuchanwa wala hakikutupwa. Mafundo yote mawili yalikuwa yamefunguliwa, na kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe, kama anavyokunja mtu mwenye heshima zake kwenye nyumba ya wenyewe.

Juu ya mdomo wa mtungi kulikuwa na kata. Kata ya kifuu cha nazi, ya zamani, mpini wake mweusi kwa kushikwa. Nyumba ile haikuwa na kata. Walikuwa wakichotea jagi la plastiki.

Maji yalikuwa bado yanatikisika.

"Hodi..."

Sauti ilitoka mlango wa uani. Ilikuwa ya mwanamke mzee, kavu, ya mtu ambaye koo lake limesahau maji. Iliita mara moja tu.

Sasa Editha alilelewa vizuri. Kwao Tukuyu mtu akipiga hodi hujibiwa kabla hajamaliza, na mzee hasimamishwi nje. Mdomo ukatangulia, akili ikabaki nyuma.

"Karibu," alisema.

Mlango haukufunguka.

Lakini harufu ya chokaa ilimpita. Ilimpita ubavuni, baridi, bila haraka, ikaelekea chumbani.

Editha alikimbia. Lusungu alikuwa amekaa kitandani, viganja vyake viwili vimekingwa mbele ya kifua, kidevu kinachuruzika maji. Alimtazama mama yake, akatabasamu, kisha akajikunja na kutapika mpaka hakikubaki cha kutoka. Alipomshika, mtoto alikuwa mwepesi na amelegea. Editha alipiga yowe lililotoa watu misikitini.

Bajaji ya kijana wa jirani iliwafikisha hospitali. Waliutafuta mshipa mkononi wakaukosa, mguuni wakaukosa, hatimaye wakaupata pembeni ya kichwa. Dripu ikaanza kudondoka. Daktari alisema mtoto amekauka, angechelewa kidogo tu isingekuwa habari hii. Gozbert alifika na vumbi la chuma kwenye nyusi, akasimama mlangoni mwa wodi akilia bila kujificha. Wakakesha wote wawili wanaangalia kile kifua kidogo kikipanda na kushuka.

Asubuhi Mama Twalib alikuja na chupa ya uji. Nyumba yake inapakana na yao, na baba yake marehemu ndiye aliyewauzia kiwanja. Ni mwanamke wa utani, asiyeingia mahali bila kuchokoza mtu. Alimchokoza nesi, akamchokoza Gozbert kuhusu mdomo wake, kisha Editha akaanza kumsimulia, na utani ukaisha alipofika kwenye kata.

"Kata ya kifuu?" Mama Twalib aliweka chupa chini. "Na huo mtungi mliutoa wapi?"

Gozbert alitazama viatu vyake. "Kisimani. Wakati tunachimba."

"Ulikuwa kifudifudi?"

"Ndiyo."

Mama Twalib alikaa pembeni ya kitanda. Alipoanza kusema, alisema kwa kunong'ona, kama vile kuna anayelala.

"Pale kwenye kisima chenu palikuwa na kibanda cha bibi yangu, mama yake baba. Mwaka ule wa kipindupindu. Mie nilikuwa mdogo hivi, kama Lusungu. Bibi aliugua, wakamtenga humo peke yake. Wakamwekea mtungi na kata yake. Maji yakaisha." Alimeza mate. "Magharibi ile alijikokota mpaka mlangoni kwetu. Akasema, 'Hodi... naombeni maji.' Mara moja tu, nguvu hana. Sie wote tulisikia. Baba yangu, mwanawe wa kumzaa, akatuziba midomo. Waliogopa wataambukizwa, si kwamba hawakumpenda. Asubuhi wakamkuta pale kibandani, kichwa kimeingia ndani ya mtungi."

Dripu ilidondoka.

"Wakamwaga chokaa kila mahali. Kibanda wakakichoma. Mtungi wakaufukia kifudifudi, asiombe tena. Ndiyo maana sie wa pale, ikipigwa hodi moja magharibi, hatuitiki. Tunangoja ya pili na ya tatu. Mtu mzima wa afya zake atarudia." Alimgeukia Editha. "Wewe... ulinyamaza, eti?"

"Nilisema karibu."

Mama Twalib alichukua chupa ya uji, akaifunga kifuniko ambacho kilikuwa tayari kimefungwa.

"Basi," alisema.

Walipotoka hospitali, kazi ya kwanza ilikuwa mtungi. Mbwana aliombwa akakataa hata kupokea simu mara ya pili, kwa hiyo Gozbert alichimba mwenyewe, pembeni ya ua, na safari hii hakucheka. Kata haikuonekana tena. Mama Twalib alisimama juu ya shimo akiwaelekeza waufukie kama wazee walivyoufukia, mdomo chini.

"Hapana," Editha alisema.

"Hapana nini, mwenzangu?"

"Alinyimwa maji akiwa hai. Sasa mnataka mie nimzibe mdomo tena? Na mwanangu nimeshaona alivyokauka. Siwezi." Alikuwa analia, na alikuwa na hasira, na hakujua hasira hiyo ni ya nani. Aliuweka mtungi mdomo juu, akaujaza maji kutoka kwenye sufuria, yaliyochemshwa na kupozwa. Maji mabaya ndiyo yaliyomuua, alisema, hatampa mengine. Wakaweka kifuniko cha zege na kufukia.

Mama Twalib alishindwa kujizuia. "Jamani, Dar nzima wewe ndiye wa kwanza kumchemshia mzimu maji."

Tangu hapo Editha aliweka kikombe cha maji juu ya mfuniko wa kisima kila magharibi. Asubuhi kilikuwa kitupu. Gozbert alisema ni kunguru. Hakubisha sana, wala hakuwahi kusahau kukumbusha.

Ndoo yenye koki ilinunuliwa, ikawekwa juu ya meza koridoni. Herieth akaja na kichupa kingine, akakijaza kutoka kwenye koki. Kilikaa kabatini zaidi ya muda wake na hakikubadilika rangi. "Si nilikwambia?" alisema kwa furaha. "Ishu ilikuwa mtungi." Editha aliitikia. Hakuwa anamdanganya, maana kweli ishu ilikuwa mtungi.

Na Lusungu akanenepa. Mashavu yakarudi, ubishi ukarudi, akaanza kukimbiza kuku wa Mama Twalib mpaka akatukanwa, na Editha alisikia matusi yale kama kwaya ya Pasaka. Kitu kimoja tu. Mtoto alianza kulala ukutani kabisa, amejibana, nusu ya kitanda ikiwa wazi. Akiulizwa alisema hivyo ndivyo wanavyolala. Editha hakuuliza zaidi. Kuna maswali mtu huyaacha yapite kwa sababu mwanawe yuko hai.

Mwezi uliofuata Editha alikwenda Mbagala kununua sare ya chekechea. Mvua ikanyesha, barabara ikajaa, magari yakasimama. Magharibi ilimkuta kwenye foleni, dirisha limejaa ukungu. Alipiga simu nyumbani.

"Baba Lusungu, umeweka kikombe?"

"Lusungu kaenda kukiweka sasa hivi."

"Peke yake? Kisimani?"

"Si kimefungwa? Ufunguo unao wewe."

Editha aliingiza mkono kwenye mkoba. Utepe mwekundu ulikuwepo. Akaushika.

Kupitia simu, mbali, lakini wazi kabisa:

Ngiiiii...

"Gozbert! Mtoto!"

Alisikia simu ikigonga kitu, kandambili zikikimbia, mlango. Abiria wa jirani alimtazama. Aliona kile kifua kidogo wodini, kikipanda, kikishuka. Kandambili zikarudi polepole.

"Yupo," Gozbert alisema, akihema. "Yuko ndani, chumbani kwake, mzima. Mfuniko umefungwa. Kufuli liko palepale, mke wangu, nimelishika."

"Nipe niongee naye."

"Mama," Lusungu alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto aliyeshiba.

"Mwanangu, uko salama? Umekunywa maji?"

"Nilitaka kunywa ya kwenye ndoo, bibi kanishika mkono. Kasema ya leo hayajachemshwa."

Editha alifumba macho. "Mpe baba." Akasubiri. "Gozbert. Maji uliyojaza leo, uliyachemsha?"

Alisikia kandambili zikikwaruza sakafu.

"Gozbert!"

"Gesi iliisha asubuhi," alisema hatimaye, taratibu. "Nikasema kisima si kilipimwa kikawa safi... Nikajaza hivyohivyo. Sijamwambia mtu, Editha. Huyu mtoto hakuwepo hata."

Mvua ilipiga paa. Editha alitaka kumshukuru yule mzee, na alitaka kukimbia mpaka Toangoma kwa miguu amtoe mwanawe ndani ya nyumba ile, na vyote viwili alivitaka kwa nguvu ileile.

"Mrudishie simu." Akasikia pumzi ndogo. "Lusungu, bibi yuko wapi sasa?"

"Kakaa kitandani kwetu," mtoto alisema. "Anasubiri yachemke."